Simu Si Kisu cha Jikoni
Tafakari kwa vikundi vya vijana wa parokia



Kuna neno moja ambalo tumelisikia mara nyingi mno katika mikutano ya vijana, katika semina za parokia, hata katika mahubiri. Linasema hivi: simu ni kama kisu cha jikoni, ukikata nacho nyama unalisha jamaa, ukimchoma nacho mtu unaua, lakini kisu chenyewe hakina kosa. Wasikilizaji hutikisa kichwa kwa kukubali, mkutano hufungwa kwa sala, na kabla watu hawajafika mlangoni simu zimekwisha kutoka mifukoni. Neno hilo lina sura ya hekima. Sisi tunalipinga. Tunalipinga kwa sababu si la kweli, na kwa sababu linamwacha mwanafunzi wetu wa chuo kikuu peke yake mbele ya nguvu asiyoijua.

Kisu cha jikoni hakimwiti mtu usiku wa manane. Hakijui jina lake, wala hakikumbuki jana alikata nini ili leo kimletee kitu kinachofanana nacho. Tena hakuna kampuni inayotajirika kadiri mpishi anavyochelewa kukiweka chini. Kisu kinangoja kushikwa. Mitandao ya kijamii haingoji.

1. Ukurasa uliokosa mwisho

Tuangalie jinsi programu hizo zilivyotengenezwa. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Msomaji alifika chini, akalazimika kubonyeza ili aendelee, na katika nukta ile ndogo aliweza kujiuliza: niendelee, au nilale? Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kila kidole kinapouteremsha. Baadaye yeye mwenyewe alijuta hadharani kwa jinsi uvumbuzi wake ulivyotumiwa. Mwaka 2009 Facebook ilianzisha alama ya kupenda, ile ya kidole gumba, na tangu hapo kijana anayeweka picha yake huketi akingoja hukumu ya wengi. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo, alikiri wazi kwamba wajenzi wake walitafuta namna ya kuchukua muda na nadhari ya watu kadiri iwezekanavyo, na kwamba walijua wanatumia udhaifu uliomo katika akili ya binadamu.

Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu wao hawatuuzii kitu. Pesa zao hutoka kwa wenye matangazo ya biashara, na mwenye tangazo hununua macho yetu. Dakika tunayobaki mbele ya kioo ndiyo bidhaa, nasi ndio shamba inamovunwa.

Wale kati yenu wanaosoma pedagojia wamekwisha kukutana na jina la B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya majaribio na njiwa. Alionyesha kwamba ndege anayepewa punje mara mojamoja, bila kujua ni lini, hudonoa kwa bidii kubwa na hachoki upesi, hata punje zinapokoma. Sasa tufungue simu. Pengine kuna ujumbe wa rafiki; pengine hakuna kitu; pengine kuna watu 40 walioipenda picha yetu. Hatujui, ndiyo maana tunafungua tena. Ni kanuni ileile inayowaweka vijana mbele ya vibanda vya kubahatisha mechi za mpira. Kijana anayejiona mdhaifu kwa sababu hawezi kuiweka simu chini afahamu kwanza jambo hili: upande wa pili wa kamba wako watu wenye elimu kubwa, wanaolipwa vizuri ili waivute. Hatusemi hivyo ili tumwondolee wajibu wake. Tunasema ili ajue anashindana na nani.

2. Yanayopotea si saa tu

Wengi husema kwamba ubaya wa mitandao ni kupoteza wakati. Ni kweli, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwanafunzi hununua mega za usiku kwa sababu bei yake ni nafuu, huanza saa sita akisema ataangalia video moja, na jogoo humkuta macho bado yako wazi. Asubuhi anakwenda kusikiliza somo, mwili uko kwenye benchi, akili iko mbali. Pesa aliyotumiwa na mama yake, ambaye ameuza unga sokoni kwa siku nzima, imegeuka kuwa mwanga wa kioo katika chumba cha giza.

Lakini saa iliyopotea inaweza kufidiwa. Linaloharibika kwa ndani ni usikivu. Kwa neno hilo tunataja uwezo wa mtu wa kuweka akili na moyo mahali pamoja, akakaa hapo hata jambo linapokuwa gumu au halina utamu. Sisi tuliofunzwa kazi ya ualimu tunajua kwamba mtoto hajifunzi hesabu siku anapoonyeshwa jibu. Hujifunza katika dakika zile ngumu anapolitazama swali asilielewe, akalitazama tena. Anayekimbia kila ugumu baada ya nukta chache hafiki kwenye mlango wa elimu. Na tangu mfumo wa LMD uanze kuingizwa katika vyuo vya nchi yetu, mwaka wa masomo 2021-2022, mwanafunzi anadaiwa kufanya sehemu kubwa ya kazi yake mwenyewe, nje ya saa za profesa. Ni mfumo unaomtaka awe na usikivu mkubwa, na umefika wakati ule ule usikivu huo unaponyang'anywa.

Tena, usikivu ule tunaosomea ndio tunaosalia, ndio tunaompendea jirani. Hatuna mwingine. Asiyeweza kukaa na ukurasa mmoja kwa nusu saa hawezi kukaa mbele ya Ekaristi kwa nusu saa. Asiyeweza kumsikiliza profesa bila kugusa mfuko wake hataweza kumsikiliza rafiki anayelia. Tumeona vijana wanne wakila bukari katika sahani moja, kila mmoja akimchekea mtu asiye pale. Hawakugombana, hawakutukanana. Hakuna dhambi ambayo mtu angeweza kuiandika. Hata hivyo hakuna aliyekuwapo mezani.

Je, hali hiyo ni ugonjwa? Waganga wanaendelea kujadiliana. Shirika la Afya Ulimwenguni liliutia ulevi wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Ulevi wa mitandao ya kijamii haumo kama ugonjwa unaojitegemea. Basi tusimpachike kila kijana jina la mgonjwa. Lakini mtu ajipime: je, ninaamka usiku ili niangalie simu? Je, ninasema uwongo kuhusu saa ninazotumia? Je, nimekwisha kuamua mara tatu kupunguza, na mara tatu nimeshindwa? Je, ninapokosa mega ninakuwa mkali kwa watu wa nyumbani? Anayejibu ndiyo kwa maswali hayo hahitaji jina la ugonjwa ili ajue kwamba uhuru wake umejeruhiwa.

3. Majibu mnayotupa

Vijana wana majibu yao, nayo si ya kipuuzi. Tuyachukue moja moja.

La kwanza: masomo yenyewe yamo ndani ya simu. Ni kweli. Ratiba hutangazwa katika kundi la WhatsApp la promosio, silabusi hutumwa humo, na profesa asipokuja habari hupita humo humo. Umeme unapokatika, simu ndiyo taa. Anayemwambia mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Likasi atupe simu yake hajui anaishije. Lakini tuangalie vizuri jibu hilo linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba daftari, taa, posta na mlango wa disko vimefungwa katika kifaa kimoja, hata mtu hawezi kushika daftari bila kupita kwenye mlango wa disko. Hiyo ni sababu ya kujilinda zaidi, si sababu ya kulala.

La pili: hakuna kazi, na simu ndiyo soko letu. Nalo ni kweli. Tunawajua wasichana wanaolipia masomo yao kwa kuuza vitenge na viatu kwa njia ya picha, na tunawaheshimu. Lakini mfanyabiashara huenda sokoni, huuza, hufunga mzigo, hurudi nyumbani. Anayelala sokoni kila siku bila kuuza kitu hatumwiti mfanyabiashara.

La tatu ni zito kuliko yote, nalo husemwa kwa sauti ndogo: tuko wapweke. Kijana ametoka Kasaji au Kalemie, amekuja mjini, anakaa katika chumba cha kupanga na watu asiowajua. Simu ndiyo kijiji chake. Anaposikia sauti ya dada yake ndipo anapokumbuka kwamba yeye ni mtoto wa mtu. Hapa hatuna neno la ukali. Tunasema tu kwamba sauti ya dada yake ilichukua dakika 10. Saa nne zilizofuata zilijaa nyuso za wageni waliovaa vizuri kuliko yeye, wanaokula vizuri kuliko yeye, na alipozima simu alikuwa mpweke kuliko alipoiwasha. Njaa yake ilikuwa ya kweli. Alichopewa hakikuwa chakula.

La nne: hata Injili inatangazwa mtandaoni. Tunakubali kwa moyo wote. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Christus Vivit wa mwaka 2019, aliutambua ulimwengu huo kuwa mahali pa kukutana na watu, na katika waraka ule ule akaonya juu ya upweke na unyonyaji uliomo. Alimtaja kijana wa Italia, Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15, na ambaye mwaka 2025 ametangazwa mtakatifu. Carlo alijua kompyuta kuliko wakubwa wake, akaitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Lakini inasimuliwa pia kwamba alijiwekea kipimo katika michezo ya video: saa moja kwa juma. Wengi wetu tumebandika picha yake ukutani. Je, tumebandika na kile kipimo?

4. Wanaoiita simu shetani

Tukiisha kuwajibu vijana, tuna neno na watu wazima. Wako wanaosimama mbele ya vijana na kupiga kelele kwamba simu ni shetani, kwamba kizazi hiki kimepotea, kwamba zamani watu walisoma kwa mwanga wa moto na kufaulu. Hotuba hizo hazimsaidii mtu. Kijana anazisikiliza huku akimwona baba yule yule akisoma ujumbe wakati wa mageuzo. Zaidi ya hayo, parokia inayolaani simu jioni na kufunga ukumbi wake saa kumi na mbili imemwonyesha kijana njia moja tu ya kwenda: kitandani kwake, na simu yake. Tunasema wazi kwa viongozi wa mashirika na wa parokia zetu: mkitaka mwanafunzi aiweke simu chini, mwekeeni kitu mkononi. Mpeni meza, taa, kiti, kitabu, na mtu wa kuongea naye.

Tukumbuke habari ya kijana Samweli. Alikuwa amelala hekaluni usiku, taa haijazimika, akasikia anaitwa. Aliamka mara tatu, akakimbilia kwa mzee Eli, kwa maana hakujua bado sauti ni ya nani. Eli alikuwa mzee mwenye macho hafifu, na nyumba yake mwenyewe haikuwa safi. Lakini usiku ule alifanya kazi ya mwalimu: hakumpiga kijana kwa kumsumbua, wala hakuitikia badala yake, alimfundisha jinsi ya kutambua sauti na jinsi ya kuijibu. Kijana wa leo huitwa kila usiku mara thelathini, na kila anayemwita anataka kitu kwake. Anahitaji Eli wa kumsaidia kupambanua. Na anahitaji usiku wenye ukimya, kwa kuwa Samweli asingesikia kitu kama mahali pale pangekuwa na kelele.

5. Tunachimbwa mara mbili

Sisi Wakongomani tuna sababu yetu wenyewe ya kuwa macho. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, na sehemu kubwa ya hiyo hutoka Kolwezi na kandokando yake, kilometa 300 hivi kutoka Lubumbashi. Kobalti imo katika betri za simu nyingi. Wamo vijana, na wamekuwamo hata watoto, walioshuka mashimoni kuichimba kwa mikono yao. Jiwe linaondoka kwetu kwa bei ndogo, linakwenda mbali, linarudi likiwa simu ambayo mzazi ataidunduliza pesa miezi kadhaa ili ainunue. Hiyo ni mara ya kwanza tunachimbwa. Mara ya pili ni pale simu hiyo inapomchimba kijana mwenyewe, ikatoa ndani yake saa zake, usingizi wake, usikivu wake, na kuvipeleka kuuzwa mahali ambapo hatakaa afike. Nchi inayolalamika, kwa haki, juu ya madini yake, na haisemi kitu juu ya akili za wanafunzi wake, imesahau hazina iliyo kubwa.

Mwenye heri Isidori Bakanja, msimamizi wetu sisi walei, alifanya kazi chini ya kampuni ya wakati wa ukoloni. Mkubwa wake alimwamuru avue skapulari aliyoivaa shingoni. Alikataa, akachapwa vibaya, akafa kwa vidonda vyake tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Hatulinganishi mateso yake na uchovu wa macho yetu, ingekuwa aibu. Tunajifunza kwake jambo moja: alitoa jasho lake kwa kazi, lakini mahali pa ndani, panapokaa Bwana peke yake, hakumpa mtu ufunguo. Kitambaa kile kidogo kilisema yeye ni wa nani. Tunapoamka asubuhi, mkono wetu unatafuta nini kwanza? Hapo ndipo tunaposema sisi ni wa nani.

6. Tufanye nini pamoja

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kijana anayeahidi peke yake, chumbani mwake, kwamba kesho atapunguza, atashindwa, kwa sababu wenzake wote wako kule anakotaka kutoka. Ndiyo maana tunaandikia vikundi, wala si mtu mmoja mmoja. Tunapendekeza haya yajaribiwe tangu Majilio hadi Pasaka:

Kwanza, kila mwanachama azime milio na taarifa zote za programu, abakize simu za watu wanaompigia na kundi la promosio. Simu ijibu inapofunguliwa, isiite.

Pili, katika kila mkutano kiwekwe kikapu mlangoni. Simu ziingie humo wote wanapoingia, kuanzia mwenyekiti na katekista.

Tatu, simu isilale kitandani. Vijana wanaokaa chumba kimoja wachange wanunue saa ya kengele, nayo simu ilale upande wa pili wa chumba.

Nne, kikundi kichapishe silabusi kwa mchango wa wote, na kusoma pamoja jioni mbili kwa juma katika ukumbi wa parokia, saa nzima bila kioo. Paroko aombwe ukumbi na taa. Nasi makatekista tuko tayari kuongozana nanyi kwenda kumwomba.

Tano, Ijumaa iwe siku ya kufunga mitandao, na saa zitakazopatikana zitumike kumtembelea mtu: mgonjwa, mwanafunzi mgeni, mzee anayekaa peke yake. Mfungo usio na jirani ndani yake hugeuka haraka kuwa majivuno.

Wapo watakaocheka. Watasema tunarudi nyuma. Tuwaache wacheke, kisha tuwaalike. Anayeweza kuishika simu na kuiweka chini wakati anaotaka, huyo ndiye mwenye simu. Mwingine yeyote ana mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni saa ngapi kwa siku tunazitumia katika mitandao? Kila mmoja aangalie hesabu iliyomo katika simu yake mwenyewe kabla ya kujibu.

2. Ni mtu gani aliye karibu nasi ambaye hatujamsikiliza vizuri juma hili?

3. Kati ya mapendekezo matano, ni lipi kikundi chetu kinaweza kuanza Jumapili ijayo, na nani atakuwa msimamizi wake?

4. Parokia yetu inawapa wanafunzi mahali gani pa kusomea na kukutana jioni? Kama hakuna, tutamwendea nani, na siku gani?